Bastola Iliyopiga Chini Kushoto

Kwa muda wa miezi minne niliamini kwamba nimeuziwa bastola mbovu. Ilikuwa revolva ya kaliba ya .38, yenye mtutu wa inchi 4 na silinda ya risasi sita, niliyoinunua baada ya kibali changu kutoka, ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla yangu. Mimi ni fundi wa mashine katika karakana moja ya Shimanzi, Mombasa, na wakati huo ndiye niliyekuwa nikibeba mishahara ya vibarua kila Jumamosi. Hiyo ndiyo sababu ya kuomba kibali. Siku ya kwanza nilipoipeleka uwanja wa shabaha, nje ya kisiwa upande wa kaskazini, nilisimama mita 15 kutoka kwenye karatasi, nikapiga risasi 12 kwa utulivu niliodhani ninao, kisha nikaenda kuitazama. Duara jeusi la katikati lilikuwa zima, halikuguswa. Matundu yote yalikuwa yamejikusanya chini, upande wa kushoto, kama kuku waliokimbilia kivuli.

Nilitoa rula. Katikati ya matundu ilikuwa sentimita 17 chini ya mahali nilipolenga, na sentimita 13 kushoto kwake.

Kwa asiyeijua bastola ya namna hii, inafaa nieleze kwamba vilengeo vyake havina skurubu ya kurekebisha. Cha mbele ni kijino cha chuma kilicho kitu kimoja na mtutu, na cha nyuma ni mfuo tu uliochongwa juu ya kiunzi, yaani mwili wa chuma unaoshika mtutu na silinda. Mlengaji hukiweka kijino katikati ya mfuo, ncha yake ikiwa sawa na kingo za mfuo, basi. Faida yake ni kwamba hakuna kinacholegea wala kuhama hata bastola ikianguka sakafuni. Hasara yake ni kwamba, ikiwa haipigi unapolenga, huna pa kugeuza. Ukitaka risasi ipande, unapunguza urefu wa kijino kwa tupa. Ukitaka ishuke, unahitaji kijino kirefu zaidi, na chuma hakioti.

Sasa fikiria fundi wa mashine, mwenye jiliwa, tupa za kila namna na kipimo cha venia, amepewa tatizo ambalo dawa yake ni tupa. Usiku ule ule nilipiga hesabu, nayo ni hesabu ya uwiano ya darasa la saba: kosa kwenye karatasi, mara umbali ulio kati ya vilengeo viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha. Kati ya vilengeo vyangu nilipima milimita 145. Milimita 170 mara 145, gawanya kwa 15,000, nikapata milimita 1.64. Kijino chenyewe hakikuzidi milimita 5. Nilichora mstari mwembamba kwa ncha ya sindano mahali ambapo tupa ingeishia, nikalala nikiwa mtu aliyekwisha kumaliza kazi.

Kilichokiokoa kijino kile ni sheria na mzee mmoja. Sheria, kwa sababu matengenezo ya silaha ni kazi ya fundi mwenye leseni yake, na leseni ya karakana ya vipuri haihusiki hapo. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nikichora mstari wangu. Mzee, kwa sababu Jumapili iliyofuata nilimkuta uwanjani. Ni polisi mstaafu aliyefundisha vijana kupiga shabaha kwa miaka mingi, na watu wote pale humwita Mzee tu. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwonyesha karatasi na hesabu yangu, tena kwa fahari kidogo.

Aliisoma hesabu mpaka mwisho. "Hesabu yako sawa, mwanangu," akasema. "Lakini hapa umempima nani? Umeipima bastola, au umejipima wewe?"

Nilimjibu kwamba nina mkono imara, nafanya kazi ya kupima kwa sehemu za milimita kila siku. Akacheka. "Mchagua jembe si mkulima. Tupa inajua kuondoa, haijui kurudisha. Kwanza tuitoe mikono yako kwenye hesabu."

Tulianza na mfuko wa mchanga juu ya meza. Alinionya nisiuegemeze mtutu wenyewe kwenye mfuko, kwa kuwa chuma kikigusa kitu huruka vingine na risasi huhama. Niegemeze viganja na sehemu ya chini ya kiunzi. Aliniamuru pia nivute nyundo ya bastola nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, ili triga iwe nyepesi na safari yake iwe fupi. Kabla sijapiga, aliwasha kibatari kidogo alichokuja nacho ndani ya kopo, akakipitisha kijino juu ya moshi hadi kikawa cheusi tititi kwa masizi. Jua la asubuhi lilikuwa likikipiga kwa ubavu, upande mmoja ukimetameta, nami bila kujua nilikuwa nikilenga kwa mng'ao badala ya chuma. Jambo hilo peke yake lilipunguza kutawanyika kwa matundu yangu kushoto na kulia, ingawa halikuhamisha katikati yake.

Risasi sita nilizopiga kutoka kwenye mfuko wa mchanga zilitua sentimita 8 chini na 6 kushoto. Kumbe zaidi ya nusu ya kosa ilikuwa ni mimi. Niliitazama karatasi ile kwa muda, nikiuwaza mstari wangu wa sindano.

Mzee hakuridhika na kuniambia, alitaka nijionee. Alichukua bastola, akanigeuzia mgongo, akaijaza silinda risasi tatu nzima na maganda matatu matupu bila mpangilio, akaifunga na kunipa. Nilisimama, nikalenga, nikavuta triga moja kwa moja bila kuivuta nyundo kwanza, kama nilivyofanya siku ya kwanza. Risasi ya kwanza ililia. Ya pili ilikuwa ganda tupu: nyundo ikagonga "ta", hakukuwa na mlio, hakukuwa na mrusho, yaani ule msukumo wa bastola kurudi nyuma, lakini mdomo wa mtutu ulizama chini na kupinda kushoto, mbele ya macho yangu mwenyewe, kama mtu anayechovya kalamu. Hakuna aliyeusukuma isipokuwa mimi. Nilikuwa nikiungoja mshindo na kuukabili kabla haujafika. Pamoja na hayo, mpini wa mbao uliokuja na bastola ulikuwa mwembamba kwa kiganja changu, kwa hiyo kidole cha shahada kilipita mno ndani ya triga na kuivuta kwa pembe, wakati vidole vingine vilikuwa vikikaza pamoja nacho. Kwa mtu wa mkono wa kulia, chini kushoto ndiko kosa hilo linakompeleka.

Dawa yake haikugharimu risasi hata moja, na hilo si dogo kwa mtu ambaye kibali chake kinataja idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Kila jioni kwa wiki tatu nilifungua silinda, nikahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba matundu yote sita ni matupu, nikazifungia risasi chumba kingine, nikaelekeza mtutu kwenye ukuta wa mawe, nikaweka ndani ya silinda risasi za bandia ili nyundo isigonge patupu. Mke wangu aliweka sarafu ya shilingi juu ya mtutu, karibu na kijino. Mchezo ni kuvuta triga mwanzo hadi mwisho bila sarafu kuanguka. Usiku wa kwanza ilianguka mara zote. Wiki ya tatu ilianguka mara moja moja, naye akachoka kuiokota akaniambia niendelee peke yangu. Nilibadilisha pia mpini, nikaweka wa mpira ulio mnene zaidi.

Niliporudi uwanjani, nikisimama kwa miguu yangu na kuvuta triga moja kwa moja, matundu yalitawanyika zaidi kuliko yale ya kwenye mfuko wa mchanga, lakini katikati yake ilikuwa pale pale: 8 chini, 6 kushoto. Mzee akaipiga yeye, kutoka kwenye mfuko. Sita kushoto, nane chini kasoro kidogo. Watu wawili, mikono miwili, kosa moja. Hapo ndipo alipokubali kuzungumza habari ya bastola.

Au tuseme alikubali kuzungumza habari ya risasi, kwa maana swali lake la kwanza lilikuwa, "Unaipa chakula gani?" Sikuwahi kulifikiria. Nilinunua boksi lililokuwapo dukani, na juu yake paliandikwa 110, yaani greni 110, ambazo ni kama gramu 7.1 za uzito wa kichwa cha risasi. Mzee alieleza kwamba bastola nyingi za .38 zenye vilengeo visivyorekebishwa zilichongwa kwa ajili ya risasi ya greni 158, yaani gramu 10.2 hivi, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kawaida kwa kaliba hiyo kwa miongo mingi.

Niliuliza kwa nini risasi nyepesi ipige chini, wakati akili inasema kizito ndicho kinachoanguka. Jibu lilinifurahisha kama fundi. Baruti ikishika moto, bastola huanza kurudi nyuma na mdomo wake kupanda wakati kichwa cha risasi bado kiko ndani ya mtutu. Kichwa kizito huenda polepole, hukaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo zaidi, na mrusho wake ni mkubwa zaidi, kwa hiyo hutoka mdomo ukiwa umekwisha kupanda. Kichwa chepesi hutoka mapema, mdomo ukiwa chini bado. Kwa umbali wa mita 15 kuanguka kwa risasi hewani ni kidogo mno kushinda jambo hilo. Ukitaka ushahidi, laza rula iliyonyooka juu ya mtutu wa revolva na utazame: kijino cha mbele ni kirefu kuliko unavyotarajia, maana yake ni kwamba ukilenga sawasawa, mtutu wenyewe umeelekea chini kidogo, ukisubiri kuinuliwa na mrusho. Mtengenezaji alikwisha kuuhesabu mrusho huo, ila aliuhesabu kwa risasi yake, si kwa yangu.

Nilipata boksi la greni 158 baada ya kungoja. Matundu yalipanda kwa sentimita 5 na nusu hivi, yakabaki 2 na nusu chini. Kushoto hayakusogea. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu nyingine niliyoichelewesha: kama ningekata ile milimita 1.64 usiku ule, sasa bastola ingekuwa inapiga zaidi ya sentimita 14 juu ya ninapolenga, na ningehitaji kijino kipya, au mtutu mpya.

Palikuwa na jambo jingine ambalo risasi mpya zililiweka wazi. Katika kila sita, tano zilikaa pamoja na moja ilitoka nje kama mgeni asiyejua kikao. Katika bastola ya risasi sita, ukiona kosa linalorudi kila baada ya sita, usitafute kwenye mtutu, kwa maana mtutu ni mmoja. Tafuta kwenye silinda. Nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikatia vitone kwenye ukingo wa silinda, kimoja hadi sita, nikapiga risasi tano kutoka kila tundu kwenye karatasi yake. Mgeni alikuwa nambari 4. Nilichukua kichwa cha risasi cha risasi laini, yaani kile cha madini ya risasi yenyewe, ambacho hakijawahi kufungwa kwenye ganda, nikakisukuma kwa kidole kwenye mwisho wa mbele wa kila tundu. Kwenye matundu matano kilipita kwa kusita kidogo. Kwenye nambari 4 kiligoma. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amepiga risasi laini nyingi bila kusafisha, na ukoko wa madini ulikuwa umeganda mle kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Burashi ya shaba, mafuta na subira ya jioni mbili viliutoa vipande vipande vya kijivu vinavyong'aa. Baada ya hapo nambari 4 aliingia kikaoni.

Vipimo vingine havikuleta kitu, navitaja kwa haraka. Nafasi kati ya silinda na mtutu ilikuwa milimita 0.15 kwa fila, yaani bamba jembamba la kupimia nafasi, nayo ni nzuri. Silinda ilijifunga kwenye kila tundu kabla nyundo haijafika mwisho, hata nilipoizuia kidogo kwa kidole. Nilipitisha pamba kwenye mdomo wa mtutu, kwa kuwa kovu dogo pale hutosha kuisukuma risasi kando, na uzi haukunasa popote. Jambo hili la mdomo linatuhusu zaidi sisi wa pwani. Hewa yetu ina chumvi, na msimu wa kusi alama ya kidole iliyoachwa kwenye chuma kisichopakwa mafuta inaweza kuwa kutu baada ya siku chache tu. Nimeona bastola ya mtu wa Nyali iliyooza mdomo kwa sababu alikuwa akiihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi, na ngozi hunywa unyevu.

Kulikuwa kumebaki zile sentimita 6 za kushoto, na sasa hapakuwa na mtu wala risasi ya kusingizia. Kwa hesabu ile ile, ni milimita 0.58 kwenye kijino. Kanuni ya kilengeo cha mbele ni kinyume cha matakwa: ukitaka risasi iende kulia, kijino kiende kushoto. Kwa hiyo, kama bastola inapiga kushoto, kijino chake kimekaa kulia mno. Nililaza vyuma viwili vilivyonyooka kwenye mbavu za kiunzi, nikatazama kutoka nyuma, nikakiona: kijino kilikuwa kimeinama kulia, kwa kiasi ambacho jicho lilikikana hadi lilipopewa cha kulinganisha. Chenyewe hakikupinda. Mtutu mzima, ambao umekazwa kwenye kiunzi kwa nyuzi kama bomba, ulikuwa haujafika mwisho wa mzunguko wake, pungufu kwa digrii kama 2. Ulipaswa kukazwa kidogo tu.

Wapo wanaokwepa kazi hiyo kwa kuupanua mfuo wa nyuma upande wa kulia. Itafanya kazi, lakini unabaki na nafasi pana upande mmoja na kijino kinachoelea ndani yake, nami sikutaka. Wapo pia, na nimewasikia wakijisifu, wanaofungua silinda, wakapenyeza mpini wa nyundo ya karakana kwenye dirisha la kiunzi na kuukaza mtutu kwa nguvu za mabega. Kiunzi hupinda kwa namna hiyo, na kiunzi kikipinda hakuna tena bastola.

Fundi mwenye leseni aliniweka wiki tano kwenye foleni, lakini aliniruhusu nitazame. Alichora mstari wa penseli uliovuka kutoka kwenye kiunzi hadi kwenye mtutu, akaubana mtutu kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao vilivyochimbwa kwa umbo lake, akaunyunyizia unga unaoshika ili usiteleze, akavisha kiunzi spana iliyotengenezwa kwa umbo lake kamili, inayokumbatia sehemu ya mbele pekee. Alivuta mara moja, taratibu, bila kupiga. Tulipotazama, nusu mbili za mstari wa penseli zilikuwa zimeachana kwa kiasi kilichozidi kidogo unene wa mstari wenyewe. Nilidhani bado hajaanza. Akasema amemaliza, akaangalia kama ufito wa kutolea maganda bado unajifunga sawasawa chini ya mtutu, akaifuta mafuta na kunipa hati yangu.

Jumapili ile nilipiga risasi 24 kutoka kwenye mfuko, greni 158, mita 15. Katikati ilikuwa chini ya sentimita 1 kushoto, na ile 2 na nusu chini ikabaki kama ilivyokuwa. Mzee aliikunja karatasi akaniuliza kama sasa nataka kukata hicho kilichobaki. Hesabu inasema ni milimita 0.24, mipigo michache ya tupa laini. Nilimwambia hapana, kwa sababu boksi lijalo huenda likawa na kasi tofauti kidogo, na mkono wangu nao bado unabadilika.

Boksi hilo limekuja mwezi huu. Dukani hakukuwa na greni 158, kulikuwa na 130 peke yake, nikachukua. Natarajia zitapiga chini kidogo zaidi. Nimekwisha kujaza mfuko wa mchanga, na vitone vya rangi ya kucha bado vipo kwenye silinda, ingawa cha nambari 2 kimeanza kubanduka.